Jirani Yangu na Msumeno Wake wa Maita

Nimewaonea wivu watu wengi, na kwa wengi wao wivu uliisha nilipohama mji. Huyu mmoja nilihama naye. Nilimbeba hadi Wajir, nikamshusha Tarbaj, nikampakia tena kwenda Mandera, na kila nilipowasha mashine asubuhi nilimkuta amefika kabla yangu, mikono nyuma, akinitazama ninavyokosea.

Alikuwa jirani yangu wa karakana mjini Garissa, katika safu ya mafundi iliyo nyuma ya soko. Ukuta wa mabati ndio uliotutenganisha. Mimi ni Mkamba wa Mwingi, niliyefika huko na cheti cha kidato cha nne na sanduku la randa na patasi. Yeye alikuwa Msomali mwembamba, ndevu zimetiwa hina, kikoi amekikunja juu ya vifundo vya miguu. Juu ya ukoo wake siwezi kuandika neno. Siku moja alinitajia babu zake kumi na kitu kwa pumzi moja, lakini alikuwa akikaza bolti wakati huo, nami nilikuwa nikiutazama mkono wake.

Kazi ya mkono huo ilikuwa maita. Kwa asiyejua, ni msumeno wa umeme uliokaa juu ya meza ya chuma. Diski yake ya meno hushuka juu ya mbao, na hutelezeshwa mbele na nyuma juu ya vyuma viwili vya mviringo, ili ikate mbao pana. Meza yake huzunguka, ukachagua digrii unayotaka. Nyuma ya meza kuna ukuta mfupi wa chuma unaoegemezewa mbao. Fremu za milango, za madirisha, za vioo, zote zinaanzia hapo. Mimi nilikuwa na maita kama yake. Zilitoka duka moja, zikaja Garissa kwa lori moja. Hilo ndilo lililoniumiza. Kama mashine yake ingekuwa bora kuliko yangu ningelala usingizi mzuri.

Pembe zake zilifunga. Zangu nilizifunga kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, kisha rangi juu. Yeye aliposhika fremu iliyokamilika alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya maungio, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, halafu akasema, "Nywele haipiti." Hayo yalikuwa maneno yake ya kuipitisha kazi. Aliyasema juu ya kazi yake, na mara mojamoja juu ya kazi ya fundi wa Mandera aliyepita njia. Juu ya kazi yangu hakuyasema. Nilikaa jirani naye miaka minane nikiyangoja, na yote ninayoyasimulia hapa yametoka katika kungoja huko.

Vumbi la Garissa ni laini, huingia hata ndani ya saa. Sisi wengine tulipaka grisi kwenye vile vyuma viwili ili msumeno uteleze vizuri, nao uliteleza vizuri siku mbili. Siku ya tatu ulianza kukwaruza. Tuliongeza grisi. Yeye hakutia mafuta yoyote. Kila asubuhi alivua kitambaa kikavu begani akavifuta vyuma hivyo taratibu, kutoka nyuma kuja mbele, kama anayemfuta mtoto pua.

"Jirani," aliniambia mara ya kwanza aliponiona na kopo langu, "wewe umeoza grisi na mchanga. Sasa wanazaa."

"Fundi wa Nairobi alinifundisha hivi, mzee."

"Nairobi kuna matope. Hapa kuna fumbi. Futa."

Nilikasirika, nikaacha grisi mahali pake wiki nzima ili asidhani nimemtii. Kisha nikaifuta alipokuwa hayupo. Aliporudi alitazama vyuma vyangu, kisha akatazama angani. Ningependelea anicheke.

Kila asubuhi, baada ya kufuta vyuma vyake, alichomoa waya wa umeme. Akateremsha msumeno, akaweka skwea, kile chuma cha kupimia pembe mraba, juu ya meza, akaisogeza mpaka iguse diski yenyewe, katikati ya jino na jino. Mafundi wengi huigusisha kwenye meno, na meno yametoka nje kidogo ya diski, kwa hiyo skwea inadanganywa. Akachuchumaa atazame mwanga kati ya chuma na chuma. Mwanga ukionekana juu au chini, alilegeza bolti ya nyuma, akasukuma kwa kiganja, akakaza. Halafu akageukia ukuta wa chuma. Huo alilegeza bolti zake nusu mzunguko tu, akaugonga kwa mpini wa nyundo, si kwa nyundo, akapima, akagonga tena.

Na hata hapo hakuiamini skwea. Alirudisha waya, akachukua kipande kipana cha mbao kisicho na kazi, akakikata katikati. Akageuza nusu moja juu chini, akaziegemeza zote mbili kwenye rula ndefu ya chuma, akazikutanisha. Kama msumeno umepotoka unene wa nywele moja, vipande vilivyogeuzwa hivyo huonyesha nywele mbili, na jicho huona nywele mbili kwa urahisi kuliko moja. Zikikutana bila mwanga, basi siku imefunguka. Alisema, "Mashine haina uwongo. Uwongo iko kwa mkono." Akaenda kunywa chai ya maziwa ya ngamia, na wateja wakisubiri.

Maana alikuwa mtu wa kuchelewa. Mtu aliyepigania unene wa nywele alimwambia mteja "kesho" akimaanisha wiki ijayo, na "baada ya Adhuhuri" akimaanisha siku yoyote kati ya Jumamosi na Alhamisi. Saa yake ya mkononi ilikuwa nyuma kwa robo saa, na nilipomwambia airekebishe alinijibu kwamba yeye anasikia adhana. Mlango wa nyumba yake mwenyewe haukufunga. Mkewe aliuwekea jiwe, na nilipowatembelea siku ya Idi aliniambia mbele yake, "Huyu anatengeneza milango ya watu. Sisi ametuletea jiwe." Jirani yangu alicheka mpaka akapaliwa na halua.

Alikuwa na ngamia, upande wa Diff, mikononi mwa nduguze. Nilimuuliza wangapi.

"Wapo."

"Kumi? Hamsini?"

"Wapo, jirani. Mtu hahesabu ngamia kwa mdomo. Jicho ya hasidi inasikia."

Nikamwambia ni ajabu, kwamba anajua mbao imepungua nusu milimita na hajui mali yake. Akanitazama kwa huruma. "Mbao imekufa," akasema. "Mbao hesabu kama unataka. Kitu iko hai unaacha ipumue."

Nililiwaza neno hilo siku kadhaa, nikaudhika zaidi. Hata kutokujua kwake kulikuwa na sababu nzuri.

Naona ninamfanya mtakatifu, kwa hiyo niseme na mengine. Alikuwa na ulimi. Aliita fremu zangu "kumbikumbi" kwa sababu, alisema, zinapendeza usiku mmoja, asubuhi mbawa zimepukutika. Alikuwa na kiburi cha kimya kilicho kibaya kuliko cha kelele. Mafundi vijana walipomwomba awafundishe aliwaambia wasimame watazame, kisha akasimama kati yao na mashine. Mimi nilijifunza kupitia tundu la msumari kwenye mabati. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, nimefumba jicho moja.

Wivu wangu ulikuwa na nyuso nyingi za wateja. Mmoja siwezi kumsahau, mama mwuza maziwa aliyeniagiza fremu ya mlango wa chumba cha binti yake aliyekuwa akiolewa. Niliifanya kwa moyo wote. Alipokuja kuichukua aliizunguka mara mbili, akabonyeza pembe ya juu, akaniambia kwa upole, "Ni nzuri, walaal, ndugu yangu. Sasa mwite mzee aiangalie."

"Fremu ni yangu, mama."

"Ndiyo, ni yako. Mwite."

Akaitwa. Akaja na chai yake mkononi, akapitisha ukucha, akainamisha kichwa. Akamwambia mama, "Chukua. Mlango itafunga." Mama akafurahi, akamshukuru yeye. Mimi nikabaki na hilo "itafunga" kama mwiba wa mgunga kwenye kisigino.

Sasa nifike kwenye mimbari, ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Msikiti wa mtaa wetu ulikuwa umejengwa upya, na kamati ikataka mimbari ya mbao, yenye kofia ya pembe nane juu ya kichwa cha khatibu. Mbao za mvule ziliagizwa Mombasa. Zilitosha kazi hiyo na kipande kidogo juu yake. Kazi alipewa yeye, na wala sikuulizwa. Mimi ni Mkristo, sikutarajia kuulizwa, lakini wivu hauna dini.

Kofia ya pembe nane ina mbao nane, na kila mbao hukatwa ncha mbili, zote kwa digrii ishirini na mbili na nusu. Mikato kumi na sita. Yeye alikuwa na njia yake. Hakuzungusha meza mara kushoto mara kulia. Aliifunga upande mmoja, akawa anageuza mbao. Kwa njia hiyo pembe zote hutoka kwa mama mmoja. Ni njia nzuri sana kama mashine imenyooka. Kama haikunyooka, kosa la unene wa ukucha hujirudia mara kumi na sita, lote upande mmoja, na mbao ya mwisho haifiki kwa mwenzake.

Hayo niliyajua. Niliyajifunza kwa lile tundu.

Kulikuwa na desturi kati yetu. Adhana ikilia, safu nzima ilikwenda msikitini, na karakana zilibaki wazi. Aliyebaki ni mimi. "Jirani, angalia," alisema kila mmoja akipita, na mimi niliangalia randa zao na drili zao na simu zilizokuwa zikichajiwa. Miaka minane hakikupotea hata kipande cha msasa. Nilijivunia jambo hilo. Mtu alipotaka kujua kama naweza kuaminiwa aliambiwa, "Huyu ndiye anayetuangalizia wakati wa swala."

Asubuhi ya siku ya kuikata kofia hiyo alipima mashine yake kama kawaida, vipande viwili vikakutana, akasema maneno yake. Akapanga mvule zake. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akapita mbele yangu akijifuta mikono, akasema, "Jirani, angalia."

Nikaingia kwake. Nililegeza bolti mbili za ukuta wa chuma, nikaugonga kwa mpini wa nyundo mara moja, nikakaza. Basi. Kazi ya dakika mbili. Sikuwa na mpango wa kummaliza. Nilitaka siku moja tu apate pengo. Nilitaka aje kwangu aombe gundi.

Aliporudi alikata mbao zote nane bila kupima tena. Kwa nini apime? Alikuwa amepima asubuhi, na mlinzi alikuwapo. Niliisikia mikato kumi na sita kupitia mabati, kila mmoja ukiimba safi, na katikati nikaanza kuogopa. Angekusanya vipande, angeona pengo, angepima mashine, angekuta ukuta umesogezwa. Na ni nani aliyebaki? Alasiri ilipoadhiniwa na safu ikaenda, nikarudi ndani mbio. Nikachomoa waya. Nikachukua skwea yake, nikaigusisha katikati ya meno, nikachuchumaa. Nililegeza bolti mbili. Niligonga, nikapima, nikagonga. Sijawahi kupima vile kabla ya siku hiyo.

Baada ya swala alipanga vipande vyake sakafuni, pembe kwa pembe. Saba zilikutana kwa kulazimishwa. Ya nane ilibaki na mdomo wazi, kidole changu kidogo kingepita. Alikaa kitako. Akavipanga tena, kwa mpangilio mwingine. Akainuka, akachukua kipande cha mbao, akakata katikati, akageuza nusu, akaziegemeza kwenye rula. Nilikuwa mlangoni. Alichuchumaa muda mrefu.

"Nywele haipiti," akasema.

Aliisifu kazi yangu. Miaka minane nilikuwa nimengoja, na aliposema, alisema juu ya ukuta wa chuma nilioutengeneza kwa woga, na sikuweza kumwambia ni wangu. Nimekula chakula kingi tangu siku hiyo, lakini sijawahi kushiba kama vile, na sijawahi kutapika kama usiku ule.

Kwa sababu mashine ilikuwa sawa, alitafuta kosa mahali pengine palipobaki. "Mashine haina uwongo," aliniambia. Akafunga macho, akayafungua, akautazama mkono wake karibu, kisha mbali. Jumamosi alisimama mbele ya kamati, akawaambia macho yake yamekwisha, ameharibu mvule ya msikiti, wamsamehe. Mzee mmoja akamwambia mtu hukosea. Akajibu kwamba yeye hakuwahi kuwa mtu wa kukosea hapo, na mtu akianza atoke kabla hajafukuzwa. Wakamuuliza nani amalizie. Akaelekeza kidevu upande wangu. "Yule. Mkono yake iko sawa, ni moyo inaharaka. Atatumia mashine yangu."

Niliimaliza. Mvule nyingine ilichangishwa, ikaletwa, nikaikata juu ya maita yake, naye ameketi nje akitazama barabara. Pembe nane zilifunga. Watu walikuja kupitisha vidole. Wakaniita fundi wa mimbari, na yule mama wa maziwa aliniletea kibuyu kizima. Miezi miwili baadaye nilipakia sanduku langu nikaenda Wajir, nikisema kazi ni nyingi huko.

Kazi ilikuwapo, na mimi nimezaliwa na miguu ya kuzurura. Nilifanya madawati Tarbaj, milango ya maduka Mandera, paa la ofisi moja karibu na mpaka. Kila mahali nilipima kwa njia yake, kila asubuhi, kwa kitambaa kikavu. Nilikuwa fundi mzuri. Watu walinisifu, na sifa zao hazikukaa.

Mwaka jana nilipita Garissa. Safu ya mafundi ilikuwa pale pale. Karakana yake imekuwa duka la bawaba na kufuli, na yeye ameketi nyuma ya kaunta, ndevu bado nyekundu, amevaa miwani minene iliyomteleza puani. Nyuma yake, chini ya turubai, niliona umbo la maita.

"Waryaa," akasema, "fundi wa mimbari. Nilidhani Mandera wamekuoza."

"Wamenikataa, mzee. Walisema sina ngamia."

Akacheka. Tukanywa chai. Akaniuliza watoto, mvua, barabara. Mteja akaja kutaka skrubu za inchi moja na nusu, naye akazimwaga kaunta, akazisogeza karibu na miwani, akatafuta kwa ncha ya kidole kama kipofu. Mteja akamsaidia. Nikaona siwezi kuvumilia zaidi.

"Miwani inakusaidia?"

"Hapana. Daktari ya macho alisema macho ni mzima, hataki kunipa. Nilimwambia wewe ni kijana, hujui kazi. Hii nilinunua sokoni."

Ndipo nikamwambia. Sikuzunguka. Nilianza na adhana ya Adhuhuri nikamaliza na ya Alasiri, bolti zote mbili, mpini wa nyundo, skwea yake. Alinisikiliza akizirudisha skrubu katika pakiti, moja moja. Kisha akauliza mambo ya kifundi tu.

"Uligonga upande gani?"

"Kushoto."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Akahesabu kimya kwa midomo. Nilimwona akizipanga upya zile mbao nane kichwani, na nikaona zilipokaa mahali pake. Akavua miwani, akaiweka kaunta, akatazama nje, mbali, hadi kwenye mnara wa msikiti. 

"Miaka saba," akasema, "msahafu nasomewa."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema fundi amekwisha. Wako hai, wote. Wewe simama hapo hapo."

Baada ya Alasiri waliketi kwenye mkeka barazani mwa msikiti, wazee saba wa kamati, nami nimekaa nimevua viatu. Niliyasema yote tena, na mara ya pili yalikuwa mafupi na mabaya zaidi. Hakuna aliyeinua sauti. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo wakati tunasujudu wewe uko ndani na mashine ya mtu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa ufa ndani ya chungu alichokinywea maji siku zote.

Walinong'ona kwa Kisomali. Kisha mwenye umri mkubwa akasema hukumu, kwa Kiswahili, ili niielewe. Sehemu ya wanawake inahitaji kizuizi cha mbao, kazi ya pembe tupu. Mzee ataikata. Na huyu, kwa kosa lake, atakaa hapa bila ujira mpaka iishe, amshikie mzee upande wa pili wa mbao.

Ninakiri moyo wangu uliruka. Nilikuwa nimekuja kuadhibiwa, na adhabu ilikuwa ndiyo kitu nilichokitaka tangu siku ya kwanza kwenye lile tundu la mabati, kusimama karibu naye, upande wake wa ukuta. Nikamgeukia.

Hakunitazama. Alikuwa akikunjua vidole vyake na kuvikunja, polepole, akivichunguza.

"Hukumu ni nzuri," akawaambia wazee, "nimeipokea. Lakini mbao nitashika mwenyewe."